Dumu Lililojaa kwa Dakika Sita: Kisa cha Chemchemi Moja na Watu Walioizunguka

Kisa hiki ni cha bonde moja lenye chemchemi. Nimeondoa jina la mahali na la kila mtu, na tarakimu za kaya na maji nimezizungusha ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi nimeviacha kama vilivyokuwa. Nilikuwa mmoja wa washauri watatu walioitwa na kamati ya maji ya bonde hilo, na baadhi ya makosa yanayosimuliwa hapa niliyaunga mkono kwa mdomo wangu. Nawaandikia wanaofanya kazi kama hii: maafisa ugani, wahudumu wa afya, wajumbe wa kamati za maji, walimu.

Mahali na watu wake

Chemchemi inatokea penye mwamba, mguuni mwa kilima. Bibi mmoja, mkubwa kwa umri kuliko wote tuliozungumza nao, alikumbuka utoto wake pale: kaya zipatazo 40, watu kama 240, na msitu wa asili uliovaa kilima chote hadi kileleni. Shamba lilipochoka waliliacha lipumzike miaka kadhaa, wakalima kando, na vichaka vikarudi. Maji yaliongozwa kutoka mwambani kwa mwanzi uliopasuliwa, na kwa kumbukumbu yake chombo kilijaa kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako.

Kamati ilipotuita, kaya zilikuwa 320 na watu 1,600.

Ongezeko hilo lilikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni habari njema, na naomba isomwe hivyo: watoto waliacha kufa. Bibi yule alizaa tisa akazika wanne. Binti yake alizaa saba na wote saba wako hai. Chanjo na tiba ya kuhara zilishusha vifo kwanza, na uzazi ukabaki palepale kwa kizazi kizima kabla nao haujaanza kushuka. Katika mwanya huo kati ya vifo vinavyopungua na uzazi ambao bado haujapungua ndipo idadi huruka. Dunia nzima imepita njia hiyo: watu bilioni 1 karibu mwaka 1804, bilioni 2 mwaka 1927, bilioni 4 mwaka 1974, na bilioni 8 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa tarehe 15 Novemba 2022.

Chanzo cha pili kilikuwa barabara. Ilipofunguliwa ilileta wahamiaji wachache, na ilileta pia malori ya kununua mkaa.

Wengi kwenye kamati waliona kuruka kutoka kaya 40 hadi 320 ni jambo lisiloelezeka, kana kwamba watu wamemwagwa usiku. Tuliwaonyesha hesabu fupi: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, utapata miaka ya idadi kujizidisha mara mbili. Kwa asilimia 3 ni miaka 23 hivi. Kutoka 40 kwenda 80, 160, halafu 320 ni hatua tatu, yaani miaka 70. Ni umri wa bibi yule. Hakuna mwaka hata mmoja ambao mtu angesimama mlangoni akasema leo tumekuwa wengi mno.

Dalili

Usiku wangu wa kwanza pale niliomba nikae chemchemini. Nilifika saa tatu usiku na nikakuta madumu ya manjano yamepangwa mstari mrefu, kila moja limewekewa jiwe au tawi juu yake ili mwenyewe ajulikane. Wanawake walikuwa wamelala kando, wengine na watoto mgongoni. Maji yalikuwa yanatoka membamba kama uzi. Nilishika saa na kupima: dumu la lita 20 lilijaa kwa dakika 6. Likijaa, msichana wa zamu alimgusa bega mwenye dumu linalofuata, yule anaamka, anasogeza dumu lake bila kusema neno, anarudi kukaa.

Nikapiga hesabu pale pale gizani. Dakika 6 kwa dumu ni madumu 10 kwa saa, madumu 240 kwa siku nzima, usiku na mchana, pasipo tone kumwagika. Kaya zilikuwa 320. Kwa hiyo hata foleni isiyolala haikuweza kuipa kila kaya dumu moja kwa siku. Ni lita 4,800 kwa watu 1,600, lita 3 kwa mtu. Shirika la Afya Duniani huhesabu takriban lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha msingi cha kunywa, kupika na usafi wa lazima. Waliokosa walichota kwenye visima vifupi bondeni, na visima hivyo vilikuwa na tatizo lake.

Dalili nyingine zilionekana mchana. Mashamba yalikuwa yamepanda kilima mpaka juu ya mwamba wa chemchemi. Ardhi haikupumzishwa tena hata msimu mmoja. Mvua ilipopiga, maji hayakuzama. Yaliteremka na udongo wa juu, yakachimba korongo ambalo mtoto angeweza kusimama ndani yake asionekane. Na kwa kuwa viwanja vya kujenga vilikuwa vimekwisha kwenye tambarare, nyumba mpya zilichimba vyoo mtelemkoni, juu ya visima, baadhi chini ya mita 30 zinazopendekezwa kwa kawaida kati ya choo na chanzo cha maji. Mhudumu wa afya alikuwa anaandika visa vya kuhara kila wiki, na alikuwa ameshawaambia wakubwa wake sababu kabla sisi hatujafika.

Uamuzi wa kwanza: kufunga kilima

Kamati iliamua kupiga marufuku kuingia msituni na kulima juu ya chemchemi, kuanzia siku ile ile, na ikaweka walinzi wanne. Sababu zilieleweka. Watu walikuwa na hofu, kiangazi kilikuwa kimebakiza miezi miwili, na katazo ni kitu unachoweza kukifanya leo bila fedha. Sisi washauri tuliliunga mkono.

Lilishindwa kwa namna tatu. Waliohitaji kuni waliingia usiku, au walikwenda upande wa pili wa kilima na kukata huko, mbali na macho. Familia zilizolima juu ya chemchemi hazikupewa pa kwenda. Mbili ziliendelea kulima na moja ikamtishia mlinzi kwa panga. Na msimu uliofuata dumu bado lilijaa kwa dakika 6. Hili la tatu ndilo lililoumiza zaidi. Maji ya chemchemi ni mvua iliyozama ardhini miezi au miaka mingi nyuma. Ukifunga kilima leo, hautaona jibu kesho. Hatukuwaambia watu hivyo mapema. Wakaona wamenyimwa kuni bure, na kamati ikapoteza imani ambayo ilichukua muda mrefu kuirudisha.

Uamuzi wa pili: miti

Ili kurudisha imani, kamati ilitaka kitu kinachoonekana. Kulikuwa na kitalu kilichokuwa tayari kutoa miche ya mikaratusi bila malipo. Miti hiyo hukua haraka, huvumilia udongo mbaya, na nguzo zake zina soko. Shule nzima ilitoka siku moja ikapanda miche kuzunguka chemchemi, safu kwa safu, hadi ukingoni mwa maji.

Bibi yule wa miaka sabini alikuja siku hiyo, akaangalia, akasema, "Wanangu, mti huu una kiu." Tulimshukuru tukaendelea kupanda. Naandika sentensi hii kwa uzito, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amefundishwa darasani kwamba mkaratusi hunywa maji mengi na haufai kando ya chanzo, na bado tulinyamaza kwa kuwa miche ilikuwepo na watoto walikuwa na furaha.

Mwaka wa tatu miti ilikuwa imewapita watu kimo na dumu lilikuwa linajaa kwa dakika 7. Sidai kwamba mikaratusi peke yake ilisababisha dakika ile moja; mvua za mwaka huo nazo zilikuwa hafifu. Lakini mizizi ilikuwa kwenye mshipa wenyewe wa maji na hapakuwa na sababu ya kungoja. Ilibidi ikatwe. Visiki vya mkaratusi huchipua tena, kwa hiyo vijana walirudi mara tatu kumenya magome na kuvifukia. Wale wale waliopanda wakiimba ndio waliokata kimya kimya.

Kusimama na kuhesabu

Baada ya hapo tuliomba jambo moja: tusifanye chochote kwa msimu mmoja, tuhesabu kwanza. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amehesabu. Sote tulikuwa tumesema "watu wamekuwa wengi" na tukaona maelezo yametosha.

Tulichora bonde zima kwa majivu kwenye uwanja wa shule: kilima, chemchemi, korongo, barabara, visima. Kila kaya ilileta kokoto tatu. Moja iliwekwa inapochota maji, ya pili inapokata kuni, ya tatu inapolima. Wanawake waliweka zao kwanza, wanaume baadaye, na mahali pawili palipotofautiana palizua mazungumzo ya mchana mzima.

Ramani ile ilitupa mambo ambayo hatukuyategemea.

Kokoto za kulima juu ya chemchemi zilikuwa karibu zote za wanandoa vijana. Shamba la babu lilikuwa limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi vipande vikawa havitoshi hata kugeuza jembe. Waliopanda kilima walikuwa warithi wa mwisho katika foleni. Tulikuwa tunawaita wavamizi.

Jambo la pili lilikuwa kuni. Kokoto za kuni za kupikia zilikuwa nyingi, lakini zilitawanyika, na nyingi zilikuwa kwenye matawi makavu na vichaka vya mipakani. Mahali msitu ulipokuwa umekwisha kabisa palikuwa na kokoto chache sana. Tulipouliza, kimya kilitanda, kisha kijana mmoja akasema pale ni matanuri ya mkaa. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu; kilichobaki kinatoka kama moshi. Mkaa huo haukupikiwa bondeni. Ulipanda lori ukaenda mjini. Sehemu kubwa ya msitu iliyosemekana kuliwa na wingi wa watu wa bonde ilikuwa imeliwa na majiko ya watu ambao hawajawahi kuiona chemchemi.

Na jambo la tatu lilikuwa la hesabu tupu. Watu walikuwa wameongezeka karibu mara saba, lakini mafiga yalikuwa yameongezeka mara nane, kwa sababu kaya zimekuwa ndogo. Kaya ya watu watano hutumia kuni karibu sawa na kaya ya watu saba. Inajenga paa lake na kuchimba choo chake. Jianguo Liu na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba katika nchi zenye utajiri mkubwa wa viumbe, idadi ya kaya ilikuwa inapanda kwa kasi kuliko idadi ya watu. Anayehesabu vichwa peke yake hukosa kuona mafiga.

Uamuzi wa tatu

Safari hii maamuzi yalikuwa mengi kwa pamoja, na kila moja lilijibu kokoto fulani.

Duara la ulinzi liliwekwa juu ya chemchemi, dogo kuliko katazo la kwanza, lenye mipaka ya mawe yaliyopakwa chokaa. Familia zilizokuwa zinalima ndani yake zilipewa kwanza kipande cha malisho ya pamoja kwenye tambarare, ndipo zikahama. Wenye mifugo walikubali baada ya majadiliano ya miezi kadhaa, kwa sharti kwamba nyasi za kwenye kingo za matuta ziwe zao kukata. Ndani ya duara hakupandwa kitu. Paliachwa pajiotee penyewe, na miti ya asili ikatokea kwenye visiki vya zamani.

Mtelemko uliobaki ulichimbwa matuta ya fanya juu: unachimba mfereji kufuata usawa wa kilima na kurusha udongo upande wa juu, na ukingo unaota nyasi. Maji yanasimama, yanazama. Kazi yake ni ngumu sana kwa mtu mmoja. Vikundi vya kaya kumi kumi vilizunguka shamba kwa shamba. Mfereji wa barabara uliokuwa unamwaga maji yake yote kwenye korongo ulielekezwa kwenye bwawa dogo, kazi ya siku nne tu ambayo ilipaswa kufanywa miaka kumi kabla.

Mkaa ulikuwa mgumu kuliko vyote. Kamati ilijaribu vibali na kiwango cha magunia kwa mwezi.

Vyoo vipya vilikatazwa juu ya visima, na vya zamani vilihamishwa polepole kila vilipojaa.

Uzazi wa mpango haukuwa kwenye orodha yetu. Tuliogopa. Kuwaambia watu ambao chemchemi yao imekauka kwamba wazae wachache kulionekana kwetu kama kuwatupia lawama, na historia ya kazi hii ina mifano ya kampeni za kulazimisha zilizowavunjia watu utu wao. Wanawake wenyewe ndio walioileta. Katika kikao chao cha ramani, wanaume wakiwa wamekwenda kula, mama mmoja alimgeukia mhudumu wa afya akamwambia, "Dada, sisi tunahitaji kupumzika, na kliniki iko mbali kuliko maji." Wengi wakaitikia. Wale waliotaka kupanga uzazi walikuwa tayari wapo. Kilichokosekana ni huduma iliyo karibu na mume aliyesikilizishwa. Mhudumu akaanza kuja bondeni kila wiki mbili, na akaomba wazee wawili wanaoheshimiwa wazungumze na wanaume.

Mwisho, matanki ya kuvuna maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba kwenye mvua ya milimita 10 hupokea lita 500, yaani madumu 25, bila mtu kutembea.

Matokeo

Nilirudi baada ya miaka minane. Kiangazi, dumu lilijaa kwa dakika 2. Korongo lilikuwa limeota nyasi na mtoto aliyesimama ndani alionekana kuanzia kifuani. Matuta mengi yalikuwa mazima, ila ya watu waliohamia mjini yalikuwa yamebomoka. Mhudumu wa afya alinionyesha daftari lake: visa vya kuhara vimepungua, na akina mama wanaopanga nafasi kati ya watoto wameongezeka sana.

Kati ya familia zilizohamishwa kutoka juu ya chemchemi, moja ilirudi. Kipande chao cha tambarare kilituama maji na hakuna aliyekwenda kuwasikiliza hadi walipokuwa wamekwisha rudi na kulima tena.

Vibali vya mkaa vilikufa baada ya miaka miwili. Wachomaji hawakuacha kuchoma. Walivuka kilima wakaingia bonde la jirani, ambalo halikuwa na kamati.

Na watu walikuwa 1,900.

Uchambuzi: juu ya mstari na chini ya mstari

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu kisa hiki kimenibadilishia namna ya kufikiri.

Mjadala kuhusu idadi ya watu na mazingira una kambi mbili kongwe. Thomas Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula, na kwamba njaa, maradhi na vita ndivyo virekebishaji. Ester Boserup akajibu mwaka 1965 kwamba msongamano ndio unaowasukuma watu kubuni na kulima vizuri zaidi. Wapo walioiona kauli ya Boserup ikitimia: Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichunguza Machakos nchini Kenya na kueleza mwaka 1994 jinsi eneo lililodhaniwa limekufa kwa mmomonyoko katika miaka ya 1930 lilivyojaa matuta na miti miongo baadaye, wakati watu wamekuwa wengi mara kadhaa.

Chemchemi yetu haikukubaliana na kambi yoyote kikamilifu, na sababu yake inaonekana kwenye sehemu ya kawaida ya hesabu: juu ya mstari kuna maji, chini ya mstari kuna watu.

Tazama juu ya mstari. Maji yaliposhuka kutoka lita 28,800 kwa siku, kama kumbukumbu ya dumu la dakika moja ni sahihi, hadi 4,800, hayakushuka kwa sababu watu waliyanywa. Kuchota maji yanayotoka mwambani hakuyapunguzi ya kesho. Yalishuka kwa sababu udongo wa kilima uliacha kuyapokea: ulikanyagwa, ulilimwa kwenye mteremko mkali, ukachunwa. Waliofanya hivyo ni vijana waliokosa urithi, wanunuzi wa mkaa wa mjini, na wahandisi wa mfereji wa barabara. Idadi ilihusika na kundi la kwanza moja kwa moja. La pili lilihusika na mahitaji ya mbali, na la tatu na uzembe. Ndiyo maana sehemu hii iliweza kurudi hadi lita 14,400 wakati idadi bado inapanda. Watu wale wale 1,600 waliosemwa ni mzigo ndio waliochimba matuta. Kaya 40 za zamani zisingekuwa na mikono hiyo. Kila nyumba mpya ilikuja pia na paa lake la kuvuna mvua.

Sasa tazama chini ya mstari. Lita 14,400 kwa watu 1,900 ni lita 7 na nusu kwa mtu. Na tungefaulu kila kitu, msitu ukarudi hadi kileleni, chemchemi ikatoa lita zote 28,800 za utoto wa bibi, ingekuwa lita 15 kwa mtu, bado chini ya 20. Wakati wake zilikuwa lita 120. Hakuna tuta wala mti unaoweza kubadilisha hilo. Nawaomba wenzangu ambao, kama mimi zamani, husema kwa haraka kwamba idadi si tatizo bali matumizi tu, wakae na hesabu hii hadi mwisho. Uharibifu una wahusika wake na unaweza kurekebishwa. Mgao ni jambo jingine. Chanzo kilichopona kabisa bado hugawanywa kwa waliopo.

Vilevile nawaomba wanaotaja idadi kwanza watazame barabara. Paul Ehrlich na John Holdren walieleza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba athari kwa mazingira hutokana na idadi ya watu, kiwango cha matumizi ya kila mmoja, na teknolojia wanayoitumia, vyote vikizidishana. Katika kiwango cha dunia, sehemu ya kumi ya watu wenye kipato kikubwa zaidi husababisha takriban nusu ya hewa ukaa inayotolewa. Kwenye bonde letu mfano wake ulikuwa lori la mkaa. Ukihesabu watu walioko karibu na kisiki peke yao, utamhukumu jirani wa msitu na kumsahau mlaji wake.

Kilichofanya kazi, na kwa nini

Ramani ya majivu ilifanya kazi kwa sababu iligeuza neno "watu" kuwa kaya fulani zinazofanya jambo fulani mahali fulani. Baada ya hapo kila suluhisho lilikuwa na anwani. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii zinaweza kulinda mali ya pamoja zikiwa na mipaka iliyo wazi, kanuni walizojitungia, na ufuatiliaji wanaouamini. Duara dogo la mawe ya chokaa lilidumu; katazo la kilima kizima halikudumu. Tofauti ilikuwa kwamba katazo liliamuliwa kwa hofu bila wenye kokoto, na lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kulilinda.

Huduma ya uzazi wa mpango ilifanya kazi kwa sababu iliombwa. Lakini lazima matarajio yake yawe sahihi. Hata kama kila mwanamke wa bonde angezaa watoto wawili tu kuanzia mwaka ule, idadi ingeendelea kupanda kwa miongo, kwa kuwa wasichana waliozaliwa tayari ni wengi kuliko mama zao. Kamati ilipouliza mbona watu wameongezeka kutoka 1,600 hadi 1,900 wakati kliniki inakuja, jibu lilikuwa hilo, na tungelisema siku ya kwanza tusingelisema kwa kujitetea siku ya mwisho. Faida ya kwanza ya huduma ile iliwafikia akina mama wenyewe na watoto wao wadogo. Chemchemi itaipata kizazi kijacho.

Kilichoshindikana

Mikaratusi nimeshaisema. Sababu yake ya ndani ni kwamba tulichagua kwa kuangalia kilichopo kitaluni badala ya kuangalia kinachohitajika ardhini, na tukafanya hivyo mbele ya mtu aliyejua.

Familia iliyorudi kilimani tuliipoteza kwa kutofuatilia. Kuhamisha mtu ni ahadi ya miaka, na sisi tuliifanya ya siku moja.

Kushindwa kwa mkaa kulikuwa nje ya uwezo wa kamati, na hilo tulipaswa kulisema wazi. Kamati ya bonde inaweza kumzuia mchomaji. Haiwezi kumpa mkazi wa mjini nishati nyingine ya kupikia. Tulipobana bonde moja bila kugusa mahitaji, tanuri lilihama tu. Tuliandika kwenye ripoti kwamba ukataji umepungua, na ndani ya mipaka tuliyopima ilikuwa kweli.

Katika ziara yangu ya mwisho kamati ilikuwa inajadili kuleta maji ya bomba kutoka chemchemi ya bonde la jirani, kwa kuwa lita 7 na nusu hazitoshi na matanki hukauka kabla ya kiangazi kwisha. Nilivuka kilima na wajumbe wawili kwenda kuiangalia. Inatoa maji mengi. Juu yake, umbali wa kutembea nusu saa, tulihesabu matanuri tisa yanayofuka. Maji tuliyochota kwenye chupa yalituama mezani usiku kucha, na asubuhi kulikuwa na tope chini, unene wa ukucha.